Kostiki Soda Isiingie Jikoni

Usimwage kostiki soda kwenye sinki.

Usimwage hata kama sinki limeziba tangu jana na vyombo vimerundikana. Usimwage hata kama keateka wa ploti amekuletea yeye mwenyewe. Usimwage hata kama jirani anaapa kwamba hutumia kila mwezi na hajawahi kuumia.

Tahadhari hii ni ya watu wa Nyeri, Karatina, Othaya, Mukurweini, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Ni ya miji yote inayouzunguka Mlima Kenya. Huku kwetu masinki huziba kwa sababu inayojulikana, na watu wengi huyazibua kwa kitu kinachounguza.

Kostiki huunguza ngozi. Hupofua macho. Huunguza koo la mtoto, na koo hilo halirudi lilivyokuwa.

Msimu wa hatari ni wa baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa juu ya Nyeri siku nzima, na usiku joto hushuka likakaribia nyuzi 10. Mafuta magumu ya kupikia huganda koponi, huganda kwenye sahani, na huganda ndani ya bomba. Mafuta ya mbuzi na ya ng'ombe huganda mapema zaidi. Maji ya kuoshea vyombo hutoka sinkini yakiwa vuguvugu. Yakifika kwenye bomba la ukutani yamekwisha kupoa, na mafuta yanabaki pale pale.

Juu ya mafuta hayo hunata kila kitu. Majani ya chai, kwa sababu eneo hili ni la chai na hakuna nyumba isiyochemsha birika mara mbili tatu kwa siku. Punje za githeri. Mabaki ya mukimo. Unga wa chapati. Udongo wa viazi na nduma. Majivu na nyuzi za waya wa kusugulia sufuria. Siku ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, au ya Krismasi, sufuria kubwa za mchuzi huoshwa kwa mfululizo, na bomba ambalo lilikuwa limebakiza upenyo mdogo linafunga kabisa.

Hicho ndicho kilichoziba sinki lako. Ni mafuta na majani ya chai. Huhitaji sumu kuyatoa.

Lakini mara nyingi hali huwa hivi. Ni jioni. Sinki limejaa, watoto wanataka kula, na kesho ni siku ya kazi. Mtu anatumwa dukani. Anarudi na kostiki iliyopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi, au iliyokwisha kuyeyushwa na kutiwa katika chupa kuukuu ya maji ya kunywa. Chupa haina jina. Haina onyo. Haina maelekezo. Nusu inamwagwa sinkini. Nusu inabaki.

Nusu inayobaki ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Inawekwa chini ya sinki, nyuma ya ndoo, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anafika bila kupanda kiti. Ikiwa kavu, ni nyeupe. Mtoto ataiona kama sukari au chumvi. Ikiwa imeyeyushwa, ni maji tu machoni pake, tena yamo katika chupa ambayo amezoea kunywea. Mtoto hakukosea kwa kuinywa. Aliyekosea ni mtu mzima aliyeitia humo.

Elewa kostiki ni nini. Jina lake la kitaalamu ni haidroksidi ya sodiamu. Ikiingia katika maji hutoa joto jingi, kiasi cha kuyafanya yatokote na kuruka. Ikikutana na mafuta huyageuza kuwa sabuni, na ndiyo sababu watengenezaji wa sabuni huinunua. Lakini mwili wa binadamu nao umejengwa kwa mafuta na protini. Kostiki haitofautishi mafuta ya mbuzi yaliyo bombani na nyama ya koo la mtoto.

Asidi ikimchoma mtu, mara nyingi ngozi iliyoungua hufanya gamba, na gamba hilo huizuia kidogo isizame. Kostiki haiachi gamba. Huyeyusha nyama na kuendelea kushuka. Hushuka hata baada ya mtoto kunyamaza.

Mtoto aliyemeza kostiki anaweza asiwe na jeraha lolote la kuonekana mdomoni. Mzazi anatazama ulimi, anaona uko sawa, anashukuru Mungu. Ndani, umio umeungua. Wiki kadhaa baadaye kovu linaanza kukaza. Kwanza mtoto anashindwa na githeri. Kisha anashindwa na uji. Mwishowe hata mate yake yanamshinda.

Tiba yake ni ndefu. Umio hupanuliwa hospitalini kwa vifaa, mara kwa mara, pengine kwa miaka. Watoto wengine hulishwa kwa mrija uliopitishwa tumboni. Wengine hufanyiwa upasuaji mkubwa ili watengenezewe njia nyingine ya chakula kwa kipande cha utumbo. Yote hayo kwa sababu ya sinki.

Jambo hili si geni duniani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, nyumba za Marekani zilijaa kostiki ya kufulia na kusafishia, na watoto waliimeza vivyo hivyo. Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia, bingwa wa magonjwa ya koo, alikuwa akiwapokea watoto ambao umio wao ulikuwa umekazwa na makovu. Hakutosheka na kuwatibu. Aliidai sheria kwa miaka mingi hadi mwaka 1927, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya sumu kali za nyumbani. Kuanzia hapo kila kifurushi kilitakiwa kuandikwa jina la kilichomo, neno la kuonya kwamba ni sumu, na maelezo ya nini kifanywe mtu akiumia. Mwaka 1970 ikaongezwa sheria ya vifuniko ambavyo mtoto mdogo hawezi kufungua kwa urahisi.

Hayo yalijulikana mwaka 1927. Kostiki iliyo katika chupa ya maji bila jina, jikoni mwa Ruring'u au Majengo au King'ong'o hapa Nyeri, inaturudisha nyuma ya mwaka huo.

Hatari haiishii kwa mtoto.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki ikiyeyushwa katika sufuria ya alumini huila sufuria yenyewe, huchemka, na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa urahisi. Jiko la makaa liko hatua chache kutoka hapo. Dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Nyumba ni ya chumba kimoja na watoto wamelala nyuma ya pazia.

Anayemwaga maji ya moto juu ya kostiki kavu hurukiwa usoni. Anayeinama kuchungulia tundu la sinki baada ya kuimwaga huweka macho yake mahali pabaya kuliko pote. Jicho likiguswa na kostiki linaweza kupofuka katika muda mfupi kuliko wa kutafuta gari.

Na mara nyingi kazi yenyewe haifanyiki. Kostiki ikikosa maji mengi ya kuisukuma, sabuni inayotengenezwa ndani ya bomba hupoa na kuganda mbele zaidi, mahali ambapo mkono haufiki. Majani ya chai haiyamalizi. Mchanga na majivu haiyagusi. Sinki linabaki limeziba, na sasa limejaa maji ya sumu.

Hapo ndipo watu huongeza kitu kingine. Usiongeze.

Kostiki ikishindwa, usilete asidi ya betri. Asidi na kostiki zikikutana bombani huchemka kwa ghafla na kurusha kila kitu juu, kuelekea uso wa aliyesimama pale.

Usichanganye Jik, au dawa yoyote ya kung'arisha nguo, na dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa klorini. Hiyo ndiyo gesi iliyofunguliwa juu ya askari huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 22 Aprili 1915. Jikoni pakiwa pamefungwa, haihitaji kuwa nyingi. Usiichanganye Jik na siki. Usiichanganye na dawa yenye amonia. Usiichanganye na chochote ila maji.

Usidhani kwamba kumwaga moja asubuhi na nyingine jioni ni salama. Sinki limeziba. Ulichomwaga asubuhi bado kimo.

Maji yanayotokota nayo yana tahadhari yake. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka yakifika kama nyuzi 94, si 100. Nyuzi 94 zinatosha kuharibu. Mabomba ya kawaida ya plastiki ya PVC hayakukusudiwa kubeba maji yanayozidi nyuzi 60 hivi; yakikaribia 80 hulainika, viungo vyake hulegea na maji huanza kuvuja ukutani. Isitoshe, birika la maji yanayotokota katika jiko dogo lenye watoto ni ajali inayosubiri mguu wa kujikwaa.

Basi fanya nini? Fanya haya, kwa mpangilio huu.

Kwanza, funga mfereji na uwatoe watoto jikoni. Fungua dirisha na mlango hata kama nje kuna baridi.

Pili, uliza. Je, kuna mtu aliyekwisha kumwaga kitu humu? Muulize dada wa kazi, muulize kijana, muulize shosho, kwa upole, bila kumtisha, ili akwambie ukweli. Kama jibu ni ndiyo, au kama hakuna mwenye uhakika, simama hapo. Usipampu. Usifungue bomba. Usitie mkono. Waondoe watu jikoni, ita fundi wa maji, na umwambie waziwazi kilichomwagwa kabla hajainama chini ya sinki. Fundi asiyeambiwa ndiye anayeungua.

Tatu, kama hakuna kilichomwagwa, vaa glavu za mpira. Chota maji yaliyotuama kwa kikombe na kuyatia ndooni. Toa kichujio cha tundu na uondoe kwa mkono majani na mabaki yaliyokaa hapo. Kazi nyingine huishia hapa.

Nne, changanya maji yaliyochemka na maji baridi, nusu kwa nusu. Kwa baridi ya huku utapata joto la nyuzi 55 hivi. Linatosha kulainisha mafuta bila kuharibu plastiki. Tia sabuni ya kuoshea vyombo. Mimina polepole. Subiri dakika 10. Mimina tena.

Tano, tumia pampu ya mpira yenye mpini, ile ya kuzibulia. Usitumie ya chooni. Nunua ya jikoni. Acha maji kidogo sinkini yafunike mpira. Ziba kwa kitambaa chenye maji tundu dogo la juu ya sinki, na tundu la sinki la pili kama yako mawili, la sivyo nguvu yote itatorokea huko. Bonyeza na kuvuta mara 15 au 20 kwa nguvu sawasawa. Vuta. Ona kama maji yanashuka. Rudia.

Sita, kama bado, angalia chini ya sinki. Kuna kipande cha bomba kilichopinda, au kilicho kama kikombe, ambacho mafundi hukiita trapu. Uchafu mwingi hukaa humo. Weka ndoo chini yake. Legeza nati zake kwa mkono. Za plastiki hazihitaji spana, na spana huzivunja. Mwaga kilichomo ndooni. Sugua ndani kwa brashi na maji ya sabuni. Angalia mpira wa kuzuia maji kama bado mzima. Rudisha kila kitu kilivyokuwa, kaza kwa mkono, fungua maji kidogo na upapase viungo kwa kitambaa kikavu kuona kama panavuja.

Usiiondoe trapu moja kwa moja na kuunganisha bomba bila hiyo. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia harufu na gesi ya maji taka isipande jikoni.

Saba, ukifungua trapu ukakuta ni safi, uzibaji uko ndani ya ukuta au nje. Hapo waya wa kuzibulia hupitishwa taratibu, ukizungushwa, bila kulazimishwa. Kama huna, au hujui, ita fundi. Huo ndio mwisho wa kazi ya mwenye nyumba.

Baking soda na siki, ambazo wengi huzisifu, hazina madhara ya kostiki. Lakini hutoa mapovu mengi na nguvu kidogo. Hazizibui bomba lililojaa mafuta. Zisikupotezee siku.

Kuna dalili moja inayobadilisha kila kitu. Sinki likiziba pamoja na bafu, au jirani wa ghorofa ya chini akiona maji yako yakipanda kwake, tatizo haliko jikoni mwako. Liko katika bomba kubwa. Mwambie mwenye nyumba. Kama ploti imeunganishwa na mabomba ya maji taka ya mji, iarifu kampuni ya maji inayohusika: NYEWASCO kwa Nyeri mjini, EWASCO kwa Embu, MEWASS kwa Meru.

Na mtu yeyote asiingie katika shimo la maji taka.

Asiingie hata dakika moja. Asiingie hata kumwokoa aliyeanguka. Shimoni humo huwa na haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai bovu ikiwa kidogo. Ikizidi huua uwezo wa kunusa, mtu akadhani imeisha, kisha humwangusha. Anayemfuata huanguka juu yake. Mashimo hayo ni ya watu wenye vifaa na mafunzo.

Sasa sikiliza la kufanya kama madhara yamekwisha kutokea. Lisome kabla, kwa sababu siku yenyewe hutakuwa na muda wa kusoma.

Kostiki ikigusa ngozi: vua nguo iliyoguswa mara moja. Kama ni chembe kavu, zipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu. Kisha maji. Maji mengi, yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi. Usipake siki wala ndimu ili eti ziuane. Zitaongeza joto na kuchoma zaidi. Usipake siagi, mafuta wala dawa ya meno.

Ikigusa jicho: lifungue kwa vidole na ulimwagilie maji safi mfululizo, bila kukoma, dakika 20 au 30. Mwelekeze mtu alale kwa ubavu wa upande wa jicho lililoumia ili maji yasielekee kwenye jicho zima. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua.

Mfereji ukiwa mkavu siku hiyo, utafanya nini? Kwa hiyo nyumba yenye mgao wa maji isikose ndoo mbili za maji safi zilizofunikwa.

Ikimezwa: usimtapishe. Ilichoma ikishuka, itachoma tena ikipanda. Usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimpe mayai mabichi, usimpe mkaa. Mwambie ateme, asukutue kinywa kwa maji na kuyatema. Mkimbize hospitali hata kama anacheza. Beba ile chupa au ile karatasi, daktari aione.

Ikiwa ni gesi: toka nje kwanza. Mtoe na mwenzako. Usirudi kuchukua simu wala kufunga chupa. Anayekohoa sana au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali.

Jua leo hospitali iliyo karibu nawe. Nyeri kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti na Consolata Mathari. Upande wa Karatina kuna Tumutumu. Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru zina hospitali zao kubwa za umma. Ambulansi ya Msalaba Mwekundu huitwa kwa 1199. Namba za dharura za serikali ni 999 na 112. Ziandikwe ukutani, si kwenye simu peke yake.

Wenye ploti, hili linawahusu. Mabomba ya ploti ni ya pamoja. Kostiki iliyomwagwa ghorofa ya tatu inaweza kuibukia kwa mpangaji wa chini anayeosha vyombo kwa mikono mitupu. Nyumba nyingi za pembezoni mwa mji hazina bomba la maji taka; maji ya sinki hutoka kwa paipu hadi kwenye mtaro ambapo watoto huchezea, au hadi kwenye shamba dogo la sukuma wiki ambapo kuku hunywa. Palipo na tangi la maji taka, kostiki huua vijidudu vinavyosaga uchafu ndani yake. Tangi hujaa upesi na kunuka.

Mkatazeni keateka asiweke kostiki. Mnunulieni pampu ya mpira na waya wa kuzibulia. Vifaa hivyo viwili vinatosha ploti nzima na vinadumu miaka.

Wenye maduka, hili linawahusu pia. Watengenezaji wa sabuni wana haki ya kununua kostiki. Ndiyo kazi yao na wanaijua. Lakini usimpimie mteja kostiki katika chupa ya soda au ya maji. Usimpe mtoto aliyetumwa. Uza ikiwa katika chombo chake, chenye jina, chenye onyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Kostiki isiyo na jina inamnyima haki hizo zote.

Afadhali zaidi ni kuzuia sinki lisizibe. Hilo nalo ni jambo la hatua chache.

Mafuta yasiingie sinkini. Yakusanye katika kopo la bati. Yakiganda, na huku kwetu yataganda, yatupe pamoja na takataka. Sufuria na sahani zenye mafuta zifutwe kwanza kwa karatasi au kitambaa kikuukuu kabla ya kuguswa na maji.

Majani ya chai yasiingie sinkini. Yamwage shambani au kwenye takataka. Birika lisisuuzwe moja kwa moja juu ya tundu.

Tundu liwe na kichujio. Udongo wa viazi na nduma uoshwe nje, kwenye karai. Mara moja kwa wiki, msimu wa baridi, mimina maji ya moto kiasi yenye sabuni.

Wenye hoteli na vibanda vya chips na mutura wana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu mafuta yao ni mengi kila siku. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel huko London, wafanyakazi walikuta donge la mafuta na vitambaa vya kujifutia lenye urefu wa takriban mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Liliwachukua wiki nyingi kulivunja. Hakuna mtu mmoja aliyelitengeneza. Kila jiko lilichangia kidogo.

Leo usiku, kabla ya kulala, inama uangalie chini ya sinki lako. Ukikuta chupa isiyo na jina, usiimwage, usiinuse, usiionje. Ifunge vizuri, iandike SUMU kwa herufi kubwa, iweke juu mahali pa kufungwa kwa ufunguo, na kesho umuulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako namna ya kuiondoa. Kisha mwambie jirani afanye vivyo hivyo. Mwambie dada wa kazi sababu. Mwambie shosho, kwa Kikuyu, kwa Kimeru, kwa Kiembu, kwa lugha atakayoielewa.

Sinki lililoziba linaweza kungoja hadi kesho. Kostiki haingoji. Itoeni jikoni leo.